Mdogo Wangu Daktari Hataki Kuwadai Wazee

(Barua imetoka mashariki mwa Nebraska. Majina mwandishi ameyabadilisha mwenyewe.)

Mshauri,

Jumatatu wiki hii Dokta Shalaka Bhatkar alisema mezani petu, mbele yangu na mbele ya mdogo wangu Ansel, kwamba hatasaini mkataba wa kuichukua kliniki yetu mpaka tuanze kuwadai wazee sehemu yao ya malipo, na kwamba asipopata jibu ifikapo Jumatatu tarehe mosi Desemba atakwenda kufanya kazi Omaha. Jibu hilo nimeachiwa mimi, kwa sababu nusu ya jengo ni yangu, na kwa sababu Ansel aliinuka akatoka nje na kitambaa cha kulia kikiwa bado kimening'inia shingoni. Nakuomba unishike mkono katika hili, maana mimi ndiye mkubwa na sijui niwe upande gani.

Ansel ana miaka sitini na sita, ni daktari pekee katika mji wetu, na mimi nimekaa mapokezi tangu enzi za baba. Baba alifungua kliniki mwaka 1954, akaweka sheria moja tu, kwamba mtu akishakabidhi shamba kwa wanawe hapelekewi bili nyumbani, na sheria hiyo mji mzima unaijua, hata mchungaji mpya huambiwa wiki ya kwanza. Sasa unajua Medicare inavyokwenda, serikali inamlipia mzee asilimia themanini ya gharama ya daktari, ishirini iliyobaki ni yake mwenyewe, na wengi wana bima ya nyongeza inayoimaliza hiyo ishirini, lakini wale wasio nayo sisi hatujawahi kuwaomba hata senti, wanatuletea bata, wanatuletea maandazi ya kolachi yenye jamu ya plamu, mmoja alitupakia rangi ukuta wote wa kaskazini, na tunasema asante na maisha yanaendelea. Sikuandikii haya kwa kuona haya, nakuandikia kwa kujivuna. Wenye mtandao wa hospitali walipokuja kutaka kutununua, ambao kwa kiti kilekile na daktari yuleyule wangelipwa zaidi na serikali kwa sababu tu mlango umeandikwa hospitali, Ansel aliwapa kahawa akawaambia jina lililopo mlangoni linatosha, akarudi kupima watu presha. Malipo ya Medicare kwa madaktari hayapandi kama bei za vitu zinavyopanda, Bunge limekuwa likiahidi kuyarekebisha tangu Ansel akiwa na nywele, na bado hatujamfukuza mgonjwa, hatujamkabidhi mtu kwa wakusanya madeni, na hatujabandua jina.

Basi Shalaka, ambaye amekulia Omaha na amekuwa akija kwetu siku mbili kwa wiki tangu masika, na wazee wanampenda kwa sababu anawasikiliza mpaka mwisho hata wakianza habari ya mvua ya mawe ya mwaka gani sijui, aliweka uma chini akasema, "Dokta Kvasnicka, ukiiambia serikali kwamba kumwona mgonjwa ni dola mia, na huna nia ya kupokea ishirini kutoka kwake, basi bei yako ya kweli ni themanini. Unalipwa asilimia themanini ya bei ambayo haipo."

"Binti yangu," Ansel akamwambia, "hayo ni maneno ya mwanasheria."

"Ndiyo. Nilimuuliza mwanasheria."

"Baba yangu hakumpelekea mzee bili hata siku moja."

"Na mimi ningependa kumwiga. Ila leseni yangu iende kwa ajili ya bata, hapana."

"Hakuna daktari aliyewahi kupoteza leseni kwa ajili ya bata."

"Si bata, dokta. Mngekuwa mnamsamehe aliyeshindwa, nisingesema kitu. Nyie mnamsamehe kila mtu, na anajua kwamba atasamehewa kabla hajashuka kwenye gari."

Ansel akaniangalia mimi. "Dada, umesikia? Nimekuwa mwizi."

"Sijasema hivyo," Shalaka akasema, na sauti haikupanda hata kidogo. "Mama Verdell, bata huyu amepikwa na anayejua. Niongeze kidogo." Nikamwongeza, nifanyeje, na hapo ndipo Ansel alipotoka.

Jumatano nikasema ngoja nijaribu na mmoja nione itakuwaje. Nikamchagua Ladimir Sykora, ana miaka sabini na tisa, mkewe aliugua muda mrefu na shamba likaenda kulipia nyumba ya kutunzia wagonjwa mpaka ikabaki nyumba na kipande kilichoizunguka, na bima ya nyongeza hana. Alikuja kupimwa damu. Nikamwambia taratibu, "Ladimir, tunafikiria kuanza kuomba ile sehemu ya mgonjwa. Ikiwa nzito kwako niambie tu, tutaona la kufanya."

Akavua kofia akaiweka kwenye kaunta. "Verdell, umeanza lini kunipekua mfukoni?"

"Sikupekui. Nauliza."

"Taja bei nitalipa. Ila usiniulize kama naweza."

"Haya. Unaweza?"

"Umeniuliza tena."

Nyuma yake alikuwa Zdenka Hruby, ambaye hajawahi kusimama kwenye foleni akanyamaza. "Mwache mzee wa watu, Verdell. Atauza trekta akulipe."

"Trekta niliuza zamani," Ladimir akasema bila kugeuka. Kisha Ladimir akainama kwangu, akaniambia kwa sauti ya chini na kwa majivuno kabisa, "Ile dawa ya kuzuia damu kuganda wanataka nimeze kizima asubuhi na kizima jioni. Mimi nameza nusu na nusu, na nasimama wima kuliko mdogo wako. Usimwambie." Akachukua kofia, akaenda zake.

Kwa hiyo unaona nilipo, mshauri. Nikimkubalia Shalaka, nitakuwa nimewavua nguo watu ambao kitu pekee walichobakiza ni kutokuulizwa. Nikimkatalia, Ansel atafunga akichoka, na hatakawia kuchoka, na hospitali iliyo karibu ni maili hamsini na mbili, na jina la baba litabanduliwa na fundi asiyemjua. Ansel anasema bora kufunga na heshima zetu. Mimi nusu ya moyo inamwambia sawa. Niambie wewe usiyetujua.

Dada wa daktari

JIBU

Dada wa daktari,

Weka gazeti chini, mpigie Ansel simu, umwambie kwamba Ladimir anameza nusu ya dawa. Fanya hivyo sasa, kabla ya aya inayofuata. Kupunguza dawa ya kuzuia damu kuganda bila daktari kujua si kubana matumizi, ni kukaribisha kiharusi. Alikuambia usimwambie mdogo wako, na wewe ukapokea siri hiyo kama rafiki. Lakini ulikuwa umekaa mapokezi ya kliniki inayomtibu. Rafiki anaweza kunyamaza. Mapokezi hayawezi.

Umeshapiga? Haya, tuendelee.

Dokta Bhatkar amesema kweli, na amesema kwa upole kuliko ambavyo mkaguzi angesema. Sheria ya serikali kuu haikatazi huruma. Inakataza kumsamehe kila mtu sehemu yake kama desturi, bila kujua hali yake, huku mji mzima ukijua kwamba ndivyo ilivyo. Daktari anaruhusiwa kumsamehe mgonjwa mmoja mmoja, akishajiridhisha kwa dhati kwamba mtu huyo hawezi, na bila kuitangaza kama ofa. Nyie mmefanya kinyume cha kila neno katika sentensi hiyo, tena kwa moyo mzuri.

Najua jambo litakalomuuma Ansel, kwa hiyo mwambie hivi. Baba yenu aliweka sheria yake mwaka 1954. Medicare ilianza kulipa mwaka 1966. Kwa miaka kumi na miwili baba yenu alisamehe cha kwake, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na haki ya kumuuliza. Baada ya hapo akaja mtu wa tatu mezani, anayelipa sehemu nne kati ya tano kwa kuamini bei anayotajiwa. Sheria ya nyumbani kwenu ikabaki ileile. Hilo ndilo kosa, na wala halikuanza na Ansel.

Sasa nikugombeze kidogo. Unaandika kwamba kitu pekee walichobakiza watu wenu ni kutokuulizwa. Angalia kutokuulizwa huko kumemfikisha wapi Ladimir. Ameuza shamba, ameuza trekta, anakata vidonge kwa kisu, na katika miaka yote hiyo kliniki inayompenda haikujua, kwa sababu kumuuliza ingekuwa aibu. Mngekuwa mnawadai wazee, mngemtumia bili, angeshindwa, mngejua. Mlimsamehe asilimia ishirini ya daktari, mkamwacha peke yake na duka la dawa.

Na hili ndilo nililotaka sana ulisikie. Nilimpigia Bi. Delphine Rasmusson, mshauri wa bima wa jimbo, ambaye kazi yake ni kuwasaidia wazee bila malipo na hauzi bima ya mtu yeyote. Sikumtajia mji wala jina. Nilimweleza hali ya mkulima mmoja mjane.

"Ana nyumba?" akauliza.

"Nyumba, na kipande kinachoizunguka."

"Na anadhani hicho kitamnyima msaada wa jimbo."

"Hajasema. Hajaulizwa."

"Wanadhani hivyo wote," akasema. "Wakulima ndio wagumu kuliko wote. Nyumba anayolala haihesabiwi. Wanakuja kwangu wamevaa kama wanakwenda mazikoni, nami nawaambia kaa, mzee, kodi ulilipa miaka hamsini, sasa tuone inakusaidiaje."

Upo mpango ambao jimbo linauendesha kwa ajili ya wazee wa Medicare wenye kipato kidogo. Kipimo chake hubadilika kila mwaka, na Bi. Rasmusson ndiye wa kusema nani anaingia na nani haingii, si mimi wala wewe. Anayeingia hulipiwa ada yake ya kila mwezi ya Medicare. Hupata bila kuomba tena ule msaada wa ziada wa dawa, ambao hushusha bei ya kila dawa dukani mpaka kiasi kidogo kinachojulikana. Na daktari yeyote wa Medicare anakatazwa na sheria kumpelekea bili ya ile asilimia ishirini.

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho, halafu mpelekee Ansel aisome mwenyewe. Mzee wa namna ya Ladimir akishaandikishwa, kliniki yenu haitampelekea bili nyumbani kwa sababu hairuhusiwi. Alichotaka baba yenu kimo ndani ya sheria, kwa wale wanaokihitaji kweli. Kinachotakiwa ni kuuliza kwanza. Mwambie mdogo wako hivi: sheria ya baba ilikuwa wazee wasidaiwe, haikuwa wazee wasiulizwe.

Sitakudanganya kuhusu pesa. Ile sehemu ya mgonjwa mtaipeleka kwa jimbo, na jimbo huenda likalipa kidogo au lisilipe kitu. Hasara hiyo mmeizoea, tofauti ni kwamba sasa itakuwa halali.

Waliobaki ni wa aina mbili. Wapo wenye maghala yaliyojaa mahindi na gari jipya kila baada ya miaka mitatu, ambao mmewasamehe kwa sababu tu wana mvi. Hao wapeni bili. Umeandika mwenyewe kwamba Ladimir, asiye na kitu, alisema utaje bei. Unadhani mwenye kitu atasema nini? Wakulima wenu wanajivunia kulipa, na nyie mmewanyima nafasi ya kumlipa daktari wao. Huenda pesa hizo ndizo zitakazomlipa Dokta Bhatkar mshahara wa kuishi. Bata wakiendelea kuja, wapokeeni kama bata kutoka kwa jirani, na bili iende palepale.

Wapo pia wa katikati, ambao kipimo cha jimbo kitawaacha kwa dola chache. Hao ndio Ansel anaweza kuwasamehe, mmoja mmoja, akishajua hali zao, na kuiweka sababu kwenye kumbukumbu. Kwa upande wa dawa, nao wana haki ambazo wengi hawazijui: kwa mwenye mpango wa dawa wa Medicare sasa kuna kikomo cha mwaka cha anachotoa mfukoni kwa dawa zinazolipiwa na mpango wake, na anaweza kuomba gharama hiyo igawanywe kwa miezi badala ya kumwangukia yote Januari. Huko kugawanywa hakuji kwenyewe. Lazima mtu aombe, na ili aombe lazima mtu amwambie.

Kuhusu miaka iliyopita, usinisikilize mimi. Pamoja na jibu hili nimetuma kwenye anwani ya bahasha yako majina ya mawakili watatu wanaoshughulikia mambo ya afya. Chagua mmoja, mwone wiki hii, nenda na Ansel. Kabla ya hapo usifute kitu, usirekebishe kitu, na usirudishe pesa kwa kubahatisha. Mtu akishajua kwamba huenda alilipwa zaidi na Medicare, muda wa kisheria wa kurudisha huanza kuhesabiwa, na nyie mmejua tangu Jumatatu ile ya bata.

Ansel anasubiri Bunge lirekebishe malipo ya madaktari. Nimeripoti ahadi hiyo chini ya maspika kadhaa wa vyama vyote viwili, na ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba asisubiri. Afanye hesabu zake kwa malipo yaliyopo.

Na ile habari ya kufunga na heshima zenu iache. Heshima ya kliniki ni mtu kuingia mgonjwa na kutoka amesaidiwa. Mlango uliofungwa hauna heshima yoyote, una kufuli. Nyie mmesimama miaka zaidi ya sabini katika mji ambao mitandao mikubwa inauona kama doa la mafuta kwenye ramani, mmekataa kuuza jina, na mmepata daktari kijana ambaye wazee wanampenda. Wanaoweza kusema hivyo katika jimbo hili ni wachache, na mnastahili kujivuna. Sitaki mpunguze majivuno hata kidogo. Nataka myatoe kwenye kutokuuliza myaweke kwenye kumaliza kazi. Huyo Shalaka naye hajaondoka. Aliyekwisha kata shauri la kwenda Omaha haombi kuongezewa nyama katikati ya ugomvi. Mpigie mara tu baada ya kuonana na wakili, mwambie sharti lake limekubaliwa na hatua ya kwanza ina tarehe, kisha mwulize kama jina la mlangoni linaweza kubaki. Atakubali, nadhani, lakini mwulize.

Limebaki la namna ya kuuliza, maana Jumatano uliliharibu. Hakuna mtu mwenye fahari atakayekubali umaskini akiwa amesimama kwenye kaunta, Zdenka akiwa mgongoni. Kila mzee aulizwe, wote, maswali yaleyale, mwenye ghala na asiye na trekta, ameketi, mlango umefungwa. Na katika mji kama wenu watu hutazama kwanza Kvasnicka wanafanya nini, kwa hiyo Kvasnicka watangulie. Ansel ana miaka sitini na sita. Yeye mwenyewe ni mtu wa Medicare. Na wewe pia, dada, ambaye umeniandikia kurasa nne juu ya dawa za watu wengine na hujasema neno moja juu ya zako.

Ratiba ya Bi. Rasmusson ninayo. Atakuwa katika kaunti yenu Alhamisi tarehe 20 Novemba, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, ukumbi wa chini wa kanisa. Unajua kanisa gani. Maombi ya mpango wa jimbo yanapokelewa mwaka mzima, lakini nafasi ya kawaida ya kubadili mpango wa dawa hufungwa tarehe 7 Desemba, kwa hiyo hakuna cha kungoja. Kiti cha saa tatu kamili akikalie Ansel, mlango wa ukumbi ukiwa wazi ili walioko kwenye foleni wamwone anaingia na karatasi zake mkononi, kisha ufungwe. Kinachofuata ukalie wewe. Ladimir aje saa nne, aletwe na mtu ambaye hatamuuliza kitu njiani.